Kope iliyolegea tangu kuzaliwa: Usingoje mtoto akue

Na daktari wetu, ELDORET

Wako watoto wanaozaliwa wazima wa viungo vyote, wanaonyonya vizuri na kulia kwa sauti, ila jicho moja halifunguki kama lenzake. Siku za kwanza mama hatilii jambo hilo maanani. Macho ya mtoto mchanga huwa yamevimba, na tena mtoto mwenyewe hushinda amelala. Lakini anapompeleka kliniki kwa chanjo ya wiki ya 6, tayari amegundua kwamba kope moja imeteremka na haipandi. Akiuliza nyumbani, jibu analopewa mara nyingi ni moja tu: "Atakua, itaisha."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kope iliyolegea tangu kuzaliwa haiishi yenyewe. Na jambo kubwa kuhusu kope hiyo si sura ya mtoto, kama wengi wanavyodhani, bali ni uwezo wake wa kuona. Mtoto anaweza kuwa na jicho lisilo na ugonjwa wowote ndani yake, na bado akalipoteza kwa sababu pazia lake halikuinuliwa mapema.

Kope huinuliwa na nini?

Kope ya juu huinuliwa na msuli mwembamba unaoanzia ndani kabisa ya tundu la jicho, ukapita juu ya jicho na kujishikiza kwenye kope. Madaktari huuita levata, yaani kiinuzi. Kwa kawaida msuli huo huivuta kope kiasi cha milimita 12 au zaidi, kutoka pale mtu anapotazama chini hadi anapotazama juu.

Kwa watoto wengi waliozaliwa na kope iliyolegea, msuli huu haukuumbika vyema tumboni. Mahali palipostahili kuwa na nyama ya msuli pamejaa mafuta na nyuzi ngumu. Nyuzi hizo hazivuti, wala hazinyooki. Ndiyo sababu mtoto akitazama juu kope hubaki chini, na akitazama chini kope hiyo hiyo hubaki juu kidogo kuliko ile ya jicho la pili. Daktari huitumia alama hii kutofautisha kope ya kuzaliwa nayo na kope iliyoangushwa na ugonjwa wa baadaye. Hali yenyewe huitwa tosisi. Katika kila watoto 4 wanaozaliwa nayo, karibu 3 huwa nayo katika jicho moja pekee.

Yafaa niseme wazi kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mama hakula kitu kibaya alipokuwa mjamzito, hakutazama mnyama akichinjwa, wala hakuna jirani aliyemtupia mtoto jicho la husuda. Wengi wa watoto hawa ndio wa kwanza katika ukoo wao. Katika familia chache tu ndipo hali hii hurithiwa kutoka kwa mzazi.

Jicho hufundishwa kuona

Twadhani kwamba mtoto huzaliwa akiona. Kweli huzaliwa na macho, lakini kuona ni kazi ya ubongo, na ubongo hujifunza kazi hiyo katika miaka ya kwanza ya maisha. Kila siku jicho hupeleka picha, na kila siku sehemu ya ubongo inayopokea picha hizo hujijenga zaidi. Jicho lisilopeleka picha safi hupuuzwa. Nafasi yake katika ubongo huchukuliwa na jicho jingine, kama vile shamba lililoachwa bila mwenyewe linavyolimwa na jirani.

Jambo hili lilithibitishwa na wanasayansi wawili waliofanya kazi pamoja Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel. Mwaka 1963 walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya paka. Walishona kope ya jicho moja la paka mchanga, wakaliacha limefungwa kwa muda wa miezi michache, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe halikuwa na kasoro, lakini paka yule hakuona nalo, kwa kuwa ubongo ulikuwa umekwisha kuliacha. Walipofanya hivyo hivyo kwa paka mzima, hakudhurika. Kope ilipofunguliwa aliona kama zamani. Kwa kazi yao juu ya ubongo na kuona, wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Msomaji ataona mara moja kwa nini majaribio hayo yanatuhusu. Kope iliyoteremka ikaziba mboni ya mtoto mchanga hufanya kazi ile ile iliyofanywa na uzi wa wanasayansi wale. Mtu mzima aliyeangukiwa na kope akiwa na miaka 50 anaweza kungoja mwaka mzima, na akipasuliwa ataona. Mtoto wa miezi 4 hana muda huo.

Jicho lililoachwa na ubongo huitwa jicho vivu, na kwa lugha ya hospitali ni ambliopia. Kope si njia pekee inayoleta hali hiyo. Uzito wa kope iliyolegea huweza pia kuandamana na kasoro katika umbo la kioo cha mbele cha jicho, picha ikawa imepindika hata kama mboni haikuzibwa. Watoto wengine wana makengeza pamoja na kope hiyo. Kwa hiyo hata mtoto ambaye kope yake imeshuka kidogo tu yampasa apimwe macho, kwani huenda anahitaji miwani.

Kidevu kilicho juu ni habari njema

Mtoto ambaye kope yake imeshuka hutafuta njia ya kuona chini ya pazia. Huinua nyusi mpaka paji la uso likafanya mikunjo kama la mzee, na huinua kidevu. Wazazi hukasirishwa na tabia hiyo, na walimu humkemea wakidhani ana kiburi. Mtoto asizuiliwe. Kidevu kilichoinuliwa kinatuambia kwamba bado anataka kulitumia jicho lile.

Linalonitia wasiwasi ni mtoto mwenye kope moja iliyoziba mboni, na ambaye hainui kidevu hata kidogo. Hapo huenda amekwisha kuliacha jicho hilo na kutegemea lile jingine.

Nakumbuka mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyeletwa kwangu na nyanyake kutoka upande wa Turbo. Hakuletwa kwa sababu ya jicho. Alikuwa na kikohozi. Nilipouliza juu ya kope yake, nyanya alinijibu kwa furaha: "Daktari, hiyo inapona. Zamani alikuwa anatembea kichwa juu kama jogoo. Siku hizi ameacha."

Nikamwambia, "Nyanya, nishikie mtoto kidogo." Nililifunika jicho la kope iliyoshuka kwa kiganja changu. Mtoto aliendelea kuchezea kalamu yangu bila kujali. Kisha nikalifunika lile jicho zuri, nikainua kope ya pili kwa kidole gumba ili mboni iwe wazi. Kalamu ilimwanguka, akaanza kuisukuma mikono yangu na kulia. Nyanya alinyamaza. Baadaye akasema polepole, "Kumbe haoni nalo."

Mtoto huyo alipasuliwa, akapewa miwani, na jicho lake zuri likawa likifunikwa kila siku kwa miezi mingi. Alirudishiwa sehemu ya uwezo wa kuona, si wote. Lau angalianza akiwa na mwaka mmoja, tungetarajia zaidi.

Jaribio hilo la kufunika jicho kila mzazi aweza kulifanya nyumbani. Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja akiwa ametulia na ameshiba, kisha jingine. Akikasirika mnapofunika upande mmoja tu, na kutulia mnapofunika upande wa pili, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Jaribio hili halichukui nafasi ya kupimwa hospitalini; mtoto aliyetulia pande zote mbili bado anahitaji kuonwa.

Apasuliwe lini?

Hili ndilo swali la kila mzazi. Jibu liko kwenye mboni, yaani ule mduara mweusi ulio katikati ya jicho.

Iwapo kope imeifunika mboni, mtoto asingoje. Daktari wa macho anaweza kushauri apasuliwe hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Iwapo kope imeshuka lakini mboni iko wazi, na vipimo vinaonyesha kwamba macho yote mawili yanakua sawa, basi ni afadhali kungoja mpaka mtoto awe na umri wa miaka 3 hadi 5. Wakati huo daktari anaweza kupima nguvu za msuli kwa usahihi, kwa kuwa mtoto anaweza kufuata maagizo ya kutazama juu na chini. Uso nao umekua, na mtoto hustahimili dawa ya usingizi vizuri zaidi. Tena yafaa kazi ikamilike kabla hajaingia shule, ambako wenzake watamwita "Sinzia" na majina mengine ya kumvunja moyo.

Kungoja huku si kukaa nyumbani. Mtoto anayengoja huonwa na daktari wa macho mara kwa mara, kila baada ya miezi michache, ili jicho likianza kuachwa nyuma ijulikane mapema. Mzazi anayeambiwa "ngoja" na asirudi tena amesikia nusu ya maneno ya daktari.

Je, aliyechelewa afanyeje? Tiba ya jicho vivu hufaulu zaidi kabla ya umri wa miaka 7. Baada ya hapo watoto wengine bado hupata nafuu, hata wakiwa na miaka kumi na kitu, ila kazi huwa ngumu na matokeo huwa madogo. Kope yenyewe inaweza kuinuliwa katika umri wowote. Kijana wa miaka 20 atapata sura nzuri, lakini hatarudishiwa kuona ambako ubongo haukujifunza.

Si kila kope ni ile ile

Zipo kasoro nyingine za kope ambazo mzazi na muuguzi wapaswa kuzifahamu.

Watoto wengine kope yao huruka juu wanaponyonya au kutafuna. Mama huona ajabu: akimpa ziwa, jicho lililokuwa limefumba nusu linafunguka na kufumba kwa kufuata mdomo. Hali hii ilielezwa mwaka 1883 na daktari wa macho wa Uskoti, Robert Marcus Gunn, na hadi leo yaitwa kwa jina lake. Sababu yake ni mshipa wa neva wa taya uliojiunga na msuli wa kope. Hupatikana kwa karibu watoto 5 katika kila 100 wenye tosisi ya kuzaliwa nayo.

Wengine huzaliwa na macho yote mawili yakiwa membamba, kope zote zimeshuka, pembe za ndani za macho ziko mbalimbali na zina mkunjo wa ngozi unaopanda kutoka kope ya chini. Hii yaitwa blefarofimosi. Mara nyingi hurithiwa. Mzazi aliye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumwachia kila mtoto wake. Upasuaji wake mara nyingi hufanywa kwa hatua, pembe za macho kwanza na kope baadaye. Katika baadhi ya familia, wasichana wenye hali hii huwahi kukoma kuzaa wakiwa bado vijana. Kwa hiyo familia yafaa ishauriwe mapema.

Kuna pia mtoto anayezaliwa kope ikiwa na pengo, kama kwamba kipande kimekatwa. Hiyo ni koloboma. Hatari yake si pazia kushuka bali pazia kukosekana: mbele ya jicho hukauka na kufanya kidonda. Mtoto huyo anahitaji kuwekewa marhamu ya macho tangu siku ya kwanza, na aonwe na daktari wa macho bila kuchelewa. Pengo likiwa kubwa, huzibwa mapema ili kuliokoa jicho.

Baadhi ya watoto wachanga huzaliwa kope za juu zimegeuka nje, nyekundu na kuvimba. Wazazi hushtuka mno, lakini hali hii mara nyingi hurudi yenyewe kwa siku au wiki chache, ilimradi kope zitunzwe zikiwa na unyevu kwa marhamu na shashi safi chini ya uangalizi wa hospitali.

Tahadhari: kope inayoweza kungoja na ile isiyongoja

Kope iliyolegea tangu kuzaliwa haibadiliki sana. Ikiwa kope ya mtoto ilikuwa sawa na sasa imeshuka, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo picha za simu husaidia. Mzazi na alete picha za mtoto akiwa mchanga, daktari alinganishe.

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo iwapo kope imeshuka ghafla. Iwapo mboni moja ni kubwa au ndogo kuliko ya pili. Iwapo jicho limegeukia nje na halirudi katikati. Iwapo kope huwa nzuri asubuhi na kushuka jioni mtoto akichoka. Au iwapo ana homa na kope imevimba na ni nyekundu. Alama hizi zaweza kuonyesha ugonjwa wa neva, wa ubongo, wa misuli, au jipu nyuma ya jicho.

Uvimbe mwekundu laini kwenye kope, unaokua upesi katika miezi ya kwanza, waweza kuwa ni uvimbe wa mishipa ya damu. Huu nao huziba mboni, lakini mara nyingi hautaki kisu. Tangu mwaka 2008, madaktari wa Ufaransa walipogundua kwamba dawa ya moyo ya propranololi huunywesha, watoto wengi wametibiwa kwa dawa hiyo wakiwa chini ya uangalizi.

Na mboni inayong'aa nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, yaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Hiyo haingoji hata kesho.

Jinsi upasuaji unavyofanywa

Kwanza daktari hupima. Hushikilia nyusi za mtoto zisisaidie, kisha humwonyesha kitu cha kuchezea chini halafu juu, akihesabu kwa rula kope imepanda milimita ngapi. Hesabu hiyo ndiyo huamua njia ya upasuaji.

Ikiwa msuli una nguvu kiasi, yaani kope hupanda kwa milimita 5 au zaidi, daktari hupasua kwenye mkunjo wa kope, huutafuta msuli, huufupisha na kuushona upya. Kovu hujificha ndani ya mkunjo.

Ikiwa kope haipandi zaidi ya milimita 4, kuufupisha msuli kwa kawaida hakusaidii vya kutosha. Badala yake kope huunganishwa na msuli wa paji la uso kwa ukanda unaopitishwa chini ya ngozi. Baada ya hapo mtoto hufungua jicho kwa kuinua nyusi, jambo ambalo tayari alikuwa akilifanya bila mafanikio. Ukanda huo waweza kuwa uzi maalumu au silikoni, au utando mgumu unaotolewa kwenye paja la mtoto mwenyewe. Njia ya utando wa paja ilienezwa na daktari Crawford wa Toronto, Kanada, aliyeiandikia mwaka 1956. Utando hudumu zaidi, lakini paja la mtoto aliye chini ya miaka 3 halijatosha kutoa kipande cha kufaa. Kwa hiyo mtoto mchanga ambaye mboni yake imezibwa huwekewa silikoni au uzi kwanza, kuliokoa jicho, na huenda akarudi chumba cha upasuaji akiwa mkubwa.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, wala hasikii lolote. Wazazi huogopa dawa hiyo kuliko kisu. Hofu yao naielewa, lakini kuna mambo ambayo wao wenyewe wanaweza kufanya ili kumkinga mtoto. Asile chakula wala kunywa maziwa ya ng'ombe au ya kopo muda wa saa 6 kabla ya upasuaji. Maziwa ya mama yakomeshwe saa 4 kabla. Na maji matupu ayanywe kwa maagizo ya hospitali. Nyanya mwenye huruma anayempa mtoto uji alfajiri kwa siri anamhatarisha maisha, kwani uji waweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa amelala. Mtoto mwenye homa au kikohozi aelezwe kwa daktari. Mara nyingi siku husogezwa mbele.

Baada ya upasuaji

Kope huvimba na kuwa na weusi kwa kiasi cha wiki 2. Lakini jambo linalowashtua wengi ni hili: mtoto atalala jicho likiwa wazi kidogo. Si kosa la daktari. Kope iliyoinuliwa haifungi sawasawa, hasa katika miezi ya kwanza, na kwa wengine hubaki hivyo. Kwa hiyo marhamu ya macho ni lazima kila usiku, na matone mchana kama yameagizwa, bila kuruka hata siku moja. Katika miezi ya Januari na Februari, vumbi linapotanda barabara za Uasin Gishu, uangalifu uzidishwe.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga, au likiwa na doa jeupe, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Usimwekee maji ya majani, maziwa, wala kitu kingine cha nyumbani. Dawa hizo zimewapofusha watu wengi katika nchi zetu, na jicho lililopasuliwa hivi karibuni halina kinga dhidi yake.

Kope yaweza kubaki chini kidogo au kupanda kupita kiasi, na upasuaji ukarudiwa. Ukanda nao waweza kulegea baada ya miaka. Mzazi aambiwe haya kabla, asije akadhani ametapeliwa. Lengo ni macho mawili yanayoona na yanayokaribia kufanana. Kufanana kabisa ni nadra.

Tena upasuaji hufungua pazia tu. Kama jicho lilikuwa limekwisha kuwa vivu, lazima lifundishwe. Hufundishwa kwa miwani, na kwa kulifunika jicho zuri ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mara nyingi huanza na saa 2 kwa siku, au hadi saa 6 hali ikiwa mbaya, kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Mtoto atalia na kung'oa kitambaa. Mpe kazi ya kupendeza wakati huo: kuchambua maharagwe, kuchora, kutazama picha. Mwambie mwalimu wake sababu. Familia nyingi hushindwa hapa kuliko chumba cha upasuaji.

Pa kwenda

Kwa wakazi wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa, safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa macho. Mjini Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo na ikapewa hadhi ya rufaa ya taifa mwaka 1998. Katika uwanja wake kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Daktari wa macho ndiye atakayeamua kama kazi ifanyiwe hapa au mtoto apelekwe kwingine. Kwa jirani zetu wa Magharibi iko Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga. Karibu na Nairobi iko ile ya Kikuyu, na jijini ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Madaktari waliobobea katika upasuaji wa kope za watoto ni wachache, na foleni huwa ndefu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza safari mtoto akiwa mchanga. Kuhusu malipo, bima ya NHIF ilifungwa na nafasi yake ikachukuliwa na SHA mwezi Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya jina lako, na uulize dirishani kabla ya siku ya upasuaji ni gharama zipi zitalipiwa. Uweke akiba ya nauli, kwani safari za kurudi kuonwa ni nyingi.

Wauguzi wa kliniki za watoto nao wana sehemu kubwa. Mama wa Kenya humleta mtoto wake wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Hizo ni nafasi 5 za kummulika mtoto kwa tochi na kutazama: Je, nuru yaonekana katikati ya mboni zote mbili? Je, kope zote mbili zapanda? Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mzazi ambaye mtoto wake ana kope iliyolegea asisikilize wanaomwambia angoje akue. Na ampeleke apimwe sasa. Huenda akaambiwa upasuaji si wa mwaka huu, na atarudi nyumbani na tarehe ya kuonwa tena. Atakuwa hajapoteza chochote ila nauli.